Siku Niliyoihamisha Jumwa

Nyinyi mnaokuja Jumamosi kwenye chumba cha kompyuta nyuma ya maktaba mliniomba kurasa chache kuhusu kazi yangu. Nimechelewa kwa sababu kila nikianza nafuta. Mimi nilifika darasa la saba nikatoka, na wengi wenu mmeshanipita kwa masomo na kwa wepesi wa vidole. Mkiona mahali nimekosea, huenda ni kweli nimekosea. Nimeandika daftari la kila siku tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, na hilo ndilo ninalolitegemea hapa, maana kumbukumbu yangu hunipendelea mimi. Daftari halinipendelei.

Sitaanza mwanzo. Nitaanza na herufi X.

Fundi wangu aliitwa Athmani, mtu wa Shela hapa hapa Malindi, mwenye duka la mlango mmoja la kutengeneza mashine za kupiga chapa. Alinifundisha kuosha herufi kwa mswaki na mafuta ya taa, kisha kukausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Alinifundisha pia niandike ugonjwa wa mashine kwa maneno ya mwenyewe kabla sijaigusa. Mtu akisema mashine yake inakohoa, andika inakohoa. Usiandike unavyodhani wewe.

Siku moja aliniachia mashine ya karani mmoja wa ofisi, akaenda kusali. Nikaifungua, nikaiosha, nikaifunga. Nikaweka karatasi, nikapiga: Mimi ni Kazungu na mashine hii imepona. Herufi zote zilitoka safi. Karani akaja, akachukua mashine yake, na mimi nikajiona fundi.

Baada ya siku mbili akarudi nayo kwapani.

"Imepona nusu," akasema. "Haipigi X."

Barua zake zote aliandika kwa Kiingereza, kwa wakubwa wake. Mimi nilikuwa nimeijaribu kwa Kiswahili, na Kiswahili hakina haja na X. Ningeweza kupiga sentensi yangu mpaka jioni, na kila mara mashine ingeniambia kwamba mimi ni hodari.

Fundi Athmani hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulipomaliza, mwenye mashine alikuwa wapi?"

"Hakuwepo, fundi."

"Basi hukumaliza. Uliijaribu kwa kazi yako. Hukuijaribu kwa kazi yake."

Niliyaandika maneno hayo siku ile ile, na chini yake nikapiga mstari. Mnaweza kudhani mtu aliyepiga mstari namna hiyo hatalirudia kosa. Nililirudia miaka mingi baadaye, kubwa zaidi, na habari hiyo ndiyo niliyokaa kuwaandikia.

Kompyuta zilipokuja nilizifuata, kwa sababu mashine za chapa zilikuwa zimekwisha kuwa mapambo. Pwani hii kompyuta ina maadui watatu: chumvi, vumbi na mjusi. Ya kwanza niliyofungua ilikuwa na mayai ya mjusi juu ya kile kisanduku cha umeme, yamepangwa vizuri kuliko nyaya. Chumvi ya bahari hula yale meno ya shaba ya kadi za ndani, na dawa yake ni kifutio cha penseli, kile cha kawaida cha shule. Sugua taratibu, pangusa, rudisha. Nimefufua kompyuta nyingi kwa kifutio, na wenyewe wakidhani nimefanya jambo kubwa. Sikuwakatalia kila mara. Nilipaswa.

Sasa, kuhusu programu. Zamani zile tuliweka programu za kuibwa, na mimi niliweka kama wengine. Halafu mteja mmoja akaniletea santuri ya kompyuta yenye programu huria, na nikasoma maelezo yake: kwamba mtu yeyote aweza kutazama ndani yake ilivyoandikwa, akirekebisha kitu aweza kukituma, na kikifaa kitaingizwa kitumiwe na wote. Nilidhani ni hila. Nani anaacha jiko lake wazi hivyo? Lakini niliona neno moja la Kiswahili limekosewa, nikatuma sahihisho. Baada ya wiki, mtu wa nchi ambayo sijawahi kuiona akaniandikia: ahsante, tumeliingiza. Neno moja tu, lakini siku ile nilitembea mjini kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

Ndivyo nilivyoingia. Programu niliyoizoea zaidi ilikuwa ya zahanati ndogo, ya kuweka tarehe za wagonjwa kurudi kuchukua dawa. Iliandikwa na watu wa kujitolea kutoka pande nyingi. Kila sehemu ina mtunzaji wake, yaani mtu anayesoma mabadiliko yanayotumwa na kuamua yaingie au yasiingie. Kwa sehemu ya kalenda za kienyeji, mtunzaji nikawa mimi. Sikuchaguliwa kwa elimu. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa najibu barua.

Na niliifikia sehemu hiyo kwa sababu ya shemeji yangu Kadzo.

Kadzo ni mdogo wa mke wangu. Anakaa Mikuyuni, kijiji cha bara ya Magarini, na ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Hana mshahara. Ana fulana, begi, na daftari linalozidi langu kwa uchafu na kwa manufaa. Muuguzi huja Mikuyuni na sanduku la dawa siku ya jumwa tu, na Kadzo ndiye anayejua nani aje lini.

Wengine wenu ni watu wa mjini, kwa hivyo nieleze. Sisi Wagiriama tuna wiki yetu ya siku nne. Ya nne ndiyo jumwa, siku ya kupumzisha jembe, na kwa Mikuyuni ndiyo siku ya soko. Jumwa moja ikiwa Alhamisi, inayofuata itakuwa Jumatatu, kisha Ijumaa. Inatembea. Kadzo aliifuata kwa misumari minne kwenye mwimo wa mlango wake na kipete cha waya, na kila asubuhi alihamisha kipete msumari mmoja. Hajawahi kukosea. Tatizo lake lilikuwa wagonjwa. Walikuwa wameongezeka, mmoja apewa dawa za siku kumi na mbili, mwingine ishirini, mwingine ishirini na nane, na misumari haijui majina ya watu.

Kwa hivyo niliandika kipande kidogo cha kuifundisha programu wiki ya siku nne. Kabla hakijaingia, watu katika ukurasa wa majadiliano walikisia kwa muda mrefu. Je, wiki za siku tano zipo? Je, siku moja watu wa sayari nyingine watahitaji wiki ya siku tisa? Sitawacheka wote, kwa sababu mmoja katika kukisia kwake aliona kosa langu la kweli katika mwaka mrefu, ule wenye tarehe 29 Februari. Lakini wengi walikisia tu, na hakuna aliyeuliza Mikuyuni wanataka nini. Mwishowe kiliingia. Kadzo alikitumia kwenye simu yake. Programu ilianza hata kuwapelekea wagonjwa ujumbe yenyewe: dawa yako iko tayari, Mikuyuni, siku fulani.

"Shemeji," aliniambia, "sasa naweza hata kusafiri."

Lishikeni neno hilo.

Sasa nije kwa Swaleh. Huyu ni kijana wa Malindi mjini niliyemfundisha kulehemu nyaya akiwa bado shuleni. Akaenda chuo, akarudi akijua mambo ambayo mimi huyasoma mara tatu ndipo niyaelewe. Alinijia nyumbani asubuhi moja, nimekwisha kustaafu na duka nimelifunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Swaleh. Kaa."

"Sikai sana. Nimekuja kukutajirisha."

"Basi kaa sana."

Akacheka, akanieleza. Kulikuwa na kampuni ya ng'ambo iliyosema hivi: mtu akituma mchango kwenye programu huria, na mtunzaji akaukubali, yule mtu anapewa tokeni. Na mtunzaji aliyekubali anapewa pia. Tokeni si pesa, lakini zinauzwa na kununuliwa, na bei yake hupanda kadiri watu wanavyoamini kwamba kesho itapanda tena. Kilichotakiwa ni mimi niisajili sehemu yangu.

"Na mchango ukiwa mbaya?" nikauliza.

"Wewe si mtunzaji? Utaukataa."

Nikamwambia kazi hii ni ya kujitolea, imekuwa hivyo tangu mwanzo, na sioni kasoro yake. Hapo akanijibu maneno ambayo sitaki kuyapunguza.

"Kujitolea ni kuzuri kwa mtu aliyekwisha kula, mzee. Mimi nina mwaka wa tatu tangu nitoke chuo. Kila nikiomba kazi naambiwa njoo ujitolee kwanza, upate uzoefu. Kila mtu ataka nijitolee. Hakuna anayeuliza nimejitolea mara ngapi."

Nilifungua kompyuta. Kisha nikaisajili. Msiseme Swaleh alinishawishi. Alisema, na kidole kilichobonyeza ni changu.

Nilimpigia Kadzo kumwarifu, maana programu ni yake kama ilivyo yangu.

"Tokeni?" akasema. "Za stima?"

"Si za stima."

"Zawasha nini basi?"

"Haziwashi kitu. Ni za kuthamini kazi."

"Haya, shemeji," akasema, kwa sauti anayoitumia kwa wagonjwa wanaosema wamekunywa dawa na hawajakunywa.

Michango ikaja. Zamani ilikuwa miwili, mitatu kwa mwezi, na niliisoma kila mmoja kama barua. Sasa niliamka nikaikuta imejaa ukurasa hadi chini. Mtu mmoja alisahihisha aya moja mara kumi na moja, neno moja moja, apate tokeni kumi na moja. Mwingine aliondoa nukta. Kesho yake mwenziwe akairudisha nukta. Wote wawili walipata. Katika hao, kwa haki, walikuwemo watu safi: mmoja alipunguza muda wa programu kufunguka kwenye simu kuukuu, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshindwa, na naye alikuja kwa ajili ya tokeni kama wengine. Siwezi kusema tokeni ilileta takataka tu.

Lakini mimi ilinibadilisha. Daftari linasema, na nanakili kama lilivyo: "Leo nimekubali mingi. Bei imepanda." Siku ya pili: "Nimekubali mingi. Bei iko pale pale." Hakuna hata jina moja la mtu. Nilikuwa nafungua ukurasa wa bei kabla ya ukurasa wa makosa, na nilijiambia ni udadisi tu wa mstaafu.

Mchango mmoja ulikuja na kichwa kisemacho: kosa dogo la hesabu limerekebishwa. Sikuufungua ndani. Nilifanya jaribio langu la siku zote, la mzee mmoja wa presha anayechukua dawa za siku ishirini na nane. Nikaweka Alhamisi ya jumwa, nikaongeza siku ishirini na nane, programu ikaniambia: Alhamisi, jumwa. Sawasawa kabisa. Nikaukubali, nikaenda kunywa chai.

Aliyeutuma sikuwahi kumjua. Alikuwa ameona mahali pameandikwa nne, akadhani ni kosa la wazi, akaandika saba. Kwa akili yake wiki ni siku saba, na nadhani alidhani anatusaidia, na kama hakudhani hivyo pia siwezi kujua. Ninachojua ni hiki: ishirini na nane inagawika kwa nne na inagawika kwa saba. Kati ya namba zote nilizoweza kujaribia, nilichagua ile isiyoweza kunionyesha kosa. Ilikuwa X yangu ya pili.

Wiki ile Kadzo alikuwa Rabai, bintiye amejifungua. Alikwenda kwa sababu nilimwambia programu itatuma ujumbe yenyewe, asiwe na wasiwasi.

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu Malindi, hata nyumbani kwake hajafika. Mke wangu alimwekea kiti, hakukaa. Akaweka simu juu ya meza, mbele yangu.

"Shemeji, nisomee."

Nikasoma. Ulikuwa ujumbe uliotumwa kwa wagonjwa wote wa siku kumi na mbili. Uliwaita Alhamisi, yaani siku ya kumi na nne.

"Jumwa ilikuwa lini?" akaniuliza.

Nikahesabu kwa vidole, mbele yake, kama mtoto. Jumwa ilikuwa Jumanne.

"Muuguzi alikuja Jumanne na sanduku," akasema Kadzo. "Akakaa, hawakuja, akaondoka. Wao wakaja Alhamisi, wakakuta baraza tupu. Hawe Dama ametoka kwake alfajiri na fimbo yake, amekaa pale mpaka jua limegeuka. Njiani kurudi ameona kizunguzungu, ameketi chini, kijana wa bodaboda ndiye aliyempeleka nyumbani. Vidonge vyake vya sukari vilikwisha Jumanne."

"Yuko vipi?"

"Yupo. Amevipata jumwa ya Jumamosi. Yupo."

Hawe ni bibi kwa Kigiriama. Nilimjua Hawe Dama kwa jina katika orodha tu. Nilifungua kompyuta, nikatafuta, na mbele ya Kadzo nikaliona lile saba, na chini yake alama ya kukubaliwa, na jina la aliyekubali. Ningeweza kusema ni mtu wa ng'ambo. Jina lilikuwa langu, na Kadzo anajua kusoma.

"Walikulipa kwa hii?" akauliza.

"Tokeni moja."

Alilitazama tena jina langu. Kisha akasema taratibu, "Mimi sina cha kuwapa watu wale, shemeji. Sina dawa, sina gari. Nina neno tu. Nikisema njooni siku fulani, wanakuja. Sasa wananiuliza kama ni mimi niliyesema au ni simu." Akachukua simu yake. "Nimeitoa programu yako. Nitahesabu kwa misumari, na watakaonizidi watanizidi."

Nilimsindikiza hadi barabarani.

Kurekebisha hesabu yenyewe kulinichukua muda mfupi kuliko chai ile. Nikawaandikia watu wa programu kila kitu, pamoja na tokeni, na nikaiondoa sehemu yangu katika usajili ule. Pia niliandika barua ya kuacha utunzaji. Sikuituma mara moja, kwa sababu sikuwa na hakika kama naacha kwa kuwa sifai au kwa kuwa naona haya, na hayo ni mambo mawili.

Swaleh alikuja siku ya pili yake, kwa kuwa aliona lango la tokeni limefungwa.

"Mzee, umewafungia na waliofanya kazi nzuri. Yule wa kuharakisha programu je?"

"Najua."

"Na kosa lenyewe lingeweza kuja bila tokeni. Watu hukosea bure pia."

"Hilo nalo najua. Lakini bila tokeni ningelisoma."

Akafikiri. Swaleh akifikiri huvuta sikio. "Ulijaribu kwa siku ngapi?"

"Ishirini na nane."

Akanitazama, akapiga hesabu kichwani, na niliona uso wake ulipofika pale wangu ulipofikia. Hakunicheka. Akavuta kompyuta yangu, akaanza kuandika. Aliandika jaribio ambalo kila mchango utakaotumwa lazima ulipite wenyewe kabla haujafika kwangu: siku moja, mbili, tatu, mpaka mia, kuanzia kila siku ya wiki zote mbili, ya siku nne na ya siku saba. Alipoona haitoshi, akaongeza mwaka mrefu. Alimaliza adhuhuri inakaribia.

"Hii ni kazi," nikamwambia. "Nikifungua lango kwa huu mmoja, utapata tokeni zako."

"Wacha," akasema. "Uingize hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Bei yenyewe imeanguka tangu juzi, mzee."

Sijajua mpaka leo kama aliacha kwa ajili ya Hawe Dama au kwa ajili ya bei. Nimeandika zote mbili, nanyi msimchagulie. Bei haikuinuka tena, na wale wa nukta waliondoka siku ilipoanguka, wala hawakuaga. Yule aliyeharakisha programu alibaki. Bado hutuma, kidogo kidogo, na bado sijui anaishi wapi.

Ilibaki Mikuyuni. Nilimpigia Kadzo nikamwomba kitu kimoja. Nikamwambia simwombi airudishe programu. Namwomba nije nikae kwake wiki nzima, yaani siku nne, na kila asubuhi tutazame msumari na simu pamoja. Nikaongeza kwamba Fundi Athmani angesema bado sijamaliza kazi, kwa kuwa mwenye mashine hayupo.

"Utalala jikoni," akasema Kadzo. "Nyumba imejaa mahindi."

Nililala jikoni. Asubuhi ya kwanza alinipa kipete nikihamishe mimi. Nikakihamisha, nikafungua simu. Simu ikasema sawa na msumari. Siku ya pili sawa. Ya tatu, Kadzo alileta daftari lake, na tukaingiza wagonjwa wote mmoja mmoja, wa kumi na mbili, wa ishirini, wa ishirini na nane, naye akihesabu kwa vidole na mimi kwa simu, na mara moja tulitofautiana. Tukahesabu tena. Safari hiyo vidole ndivyo vilivyokosea.

"Usifurahi," akasema Kadzo.

"Sijafurahi."

"Umefurahi. Nimekuona."

Jioni ile nilimwambia kuhusu barua yangu ya kuacha. Alikuwa anapepeta mchele na hakuinua uso.

"Ukiacha, atakuja nani?"

"Sijui. Mwenye elimu zaidi."

"Atajua jumwa ni nini?"

Barua ile bado iko ndani ya daftari, haijatumwa. Sijaichana pia.

Asubuhi ya nne ilikuwa jumwa. Nilihamisha kipete hadi msumari wa mwisho, nikafungua simu, nikampa Kadzo aisome yeye. Alisoma, akatazama mwimo wa mlango, akasoma tena.

"Vyasema sawa," akasema. "Nitaitumia. Lakini misumari sing'oi."

Nikamwambia asing'oe hata siku moja.

Tulikwenda barazani kumngoja muuguzi. Watu walikuwa wanafika sokoni na vikapu, na wa kwanza kuifuata dawa alikuwa mama mkongwe mwembamba, na fimbo, anatembea polepole. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nilisimama, nikamwamkia kwa Kigiriama, nikamwambia jina langu na kosa langu, yote kwa pumzi moja, nisije nikaacha kipande.

Hawe Dama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua kwamba siku ile si jumwa," akasema. "Tangu nizaliwe najua jumwa. Lakini simu ilisema Alhamisi, nikadhani wenye dawa wamebadilisha mambo, na mimi ni mzee, nani wa kubishana na simu?"

Wanangu, nimetengeneza mashine maisha yangu yote, na hakuna lililonikaa kifuani kama hilo. Yeye alikuwa na hesabu iliyo sawa kichwani, akaiacha, kwa sababu mimi mahali fulani nilibonyeza kidole nikaenda kunywa chai.

Nikamsogezea kiti. Hakukaa mara moja. Aliegemea fimbo, akanitazama mimi, akaitazama simu mkononi mwa Kadzo.

"Hebu nijue kabla sijakaa," akasema. "Hii ya leo ni jumwa, au ni jumwa ya Kazungu?"

Baraza zima lilicheka, na Kadzo kuliko wote. Nikamwambia aulize misumari. Akasema amekwisha kupita kwa Kadzo akaitazama, ndipo akakaa.